Mkasi Uliotangulia Jibu

Jumamosi, kwenye duka la vitambaa Kariakoo, nilimkuta mama aliyetoka Lindi na orodha ya maduka sita. Mkononi alikuwa na kipande cha sare ya harusi ya mwanawe. Kitambaa kilipungua, na wasimamizi wawili hawakuwa na nguo.

"Naomba nilitoe jora nje, nilione kwenye mwanga," alisema.

"Rangi ni hiyohiyo, mama," muuzaji alijibu, akakata mita nane.

Mama alizibeba hadi mlangoni, akaweka kipande chake juu. Chake kilikuwa kijani. Kile cha dukani kilielekea bluu.

"Siyo hii."

"Nimeshakata. Hapa ukishika umenunua."

"Nani alikwambia ukate?"

Muuzaji alisimama mlangoni. "Hutoki bila kulipa."

"Basi piga kelele, baba. Watu wakija, waambie nilikuomba nini."

Hakupiga. Wateja wawili walirudisha majora mezani. Mama alimwekea muuzaji zile mita nane begani, akavuka barabara kwenda duka la nne kwenye orodha yake.

Wauzaji hulalamika kwamba siku hizi wateja wanaangalia tu, hawanunui. Mimi nilitoka hata bila kuangalia.