Ruhusa Ambayo Bi Nadra Hakuiomba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Sib, nje kidogo ya Maskat, Oman, limeshaanza kuuma. Gari dogo jeupe linarudi nyuma polepole katikati ya mapipa ya mazoezi, linayumba, linagusa la mwisho. Pipa linaanguka.

"Taratibu, mwanangu! Unakimbilia wapi?" anasema Bi Nadra Salem, mguu wake ukiwa juu ya breki ya mwalimu.

"Ai, madam, si hata wewe ulikuwa unakimbia?" anajibu mwanafunzi wake, Maureen, Mkenya anayefanya kazi saluni katika mtaa wa Hamriya.

"Mie nikikimbia mbele. Wewe unakimbia kinyumenyume. Haya, shuka ukalinyanyue."

Bi Nadra ana umri wa miaka 59. Kwa miaka ishirini amewafundisha udereva wanawake wa Maskat. Wachache kati yao wanajua kwamba aliwahi kuhesabiwa miongoni mwa wasichana wenye kasi zaidi Uingereza katika mita 200.

Alizaliwa hukohuko, mjini Portsmouth, miaka miwili baada ya wazazi wake kuondoka Unguja. Baba yake, Mzee Salem, alikuwa fundi umeme bandarini. Katika klabu yake ya riadha, Nadra alikuwa msichana wa kwanza kukimbia akiwa amevaa suruali ndefu na blauzi ya mikono mirefu. Mwamuzi mmoja alimwendea mstarini akamuuliza kama anaumwa.

"Nikamwambia, mie mzima. Nikashinda."

Mwaka 1986 aliitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa ya mbio za kupokezana vijiti. Wiki hiyohiyo bibi yake, mama wa Mzee Salem, alifariki Maskat. Familia nzima ilisafiri kwenda msibani, ikakusudia kukaa mpaka arubaini. Ili auwahi mchujo, Nadra alihitaji ruhusa ya kurudi mapema, peke yake.

Katika nyumba yao, binti hakumwomba baba jambo kama hilo ana kwa ana. Ombi lilipitia kwa shangazi. Nadra alimwambia shangazi yake, Bi Bakhita, akasubiri. Bi Bakhita aliona aibu kupeleka habari za mbio kwa mtu anayemlilia mama yake, akaamua kungoja arubaini ipite. Uamuzi huo hakumweleza Nadra.

"Kila siku namtazama baba usoni, hasemi kitu," anakumbuka Bi Nadra. "Nikajua keshakataa."

Hakuwa amekataa. Kocha alikuwa amempigia simu kabla ya safari, na Mzee Salem aliijua tarehe. Alikuwa akimsubiri binti yake aseme. Siku ya mchujo ilipita wote wawili wakiwa nyumba moja, yeye barazani na wanaume, binti ndani na wanawake.

Baada ya arubaini Mzee Salem alipata kazi Maskat, na familia ikabaki. Nadra hakuona klabu ya kufundisha wanawake mbio fupi. Aliolewa, akazaa, akaacha mbio. Miaka mingi baadaye, katika maandalizi ya harusi, shangazi alilitaja jambo lile kama kitu kidogo kilichokwisha. Ndipo Nadra alipojua kwamba ombi lake halikufika.

Mzee Salem sasa ana miaka 88 na anaishi na bintiye hapa Sib. Tangu alipopata kiharusi mwaka jana, hakubali kulishwa ila na yeye. Aliulizwa kama angetoa ruhusa ile.

"Sijui," alisema. "Mamaangu ndo kwanza kazikwa. Pengine ningelikataa. Lakini nilikuwa nikimngoja aje."

Bi Nadra amerudi mazoezini, ufukweni Azaiba. Agosti hii amepata nafasi katika mashindano ya wakimbiaji wa umri wake huko Birmingham. Atakuwa safarini siku kumi, na baba bado hajaambiwa. Mdogo wake Bi Nadra, Hajar, yuko tayari kuja kumtunza mzee.

"Hajar kanambia, 'Nitakusemea mie kwa baba.' Nikamwambia, we koma hapohapo!"

Hajidanganyi kuhusu mbio zenyewe. "Hizi si zile. Zile zishakwenda. Nna goti linalonikumbusha kila nikiinuka."

Jumapili anatakiwa kuthibitisha kama atakwenda. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, amekusudia kuketi mbele ya baba yake na kumwomba mwenyewe.

"Akinikatalia, siendi," anasema. "Lakini hiyo hapana nataka niisikie kinywani mwake."