Nilimchagulia Bosi Ubao Usiomfaa, Rafiki Yangu Ndiye Aliyefukuzwa

Admin, jina langu lisionekane popote, nina familia inayonitegemea. Wanaopenda kutukana, ruksa, ila someni hadi mwisho kwanza.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, Mkenya, baba wa watoto wawili. Huu ni mwaka wangu wa tano Saudi. Ni dereva wa familia moja ya Riyadh yenye nyumba nyingine Jeddah. Kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kuja huku, ni mtu mkubwa, na sizungumzii cheo. Ni mrefu wa kuinamia milango, ana kilo mia moja thelathini na kitu, na kiatu chake hakipatikani duka la kawaida. Mimi natoshana naye kwa kimo, ila ni mwembamba.

Mwaka huu mama yangu alifariki. Nilimwendea bosi sebuleni akiwa na marafiki zake, nikamwomba wiki mbili nikamzike. Hakuinua hata macho kwenye simu.

"Ameshakufa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi halas, imekwisha. Wewe ukienda ataamka? Mafi ruhusa, hakuna kwenda. Yalla, lete gari."

Marafiki zake wakacheka. Nikaleta gari. Mama yangu alizikwa nikiwa nimeegesha nje ya mkahawa mmoja mtaa wa Malaz, natazama kwenye simu jeneza likishushwa, picha inaganda, inarudi, inaganda tena.

Aliyekuja kukaa nami ni mtu mmoja, Mkenya mwenzangu, nitamwita Brian. Alinipikia ugali, akanisikiliza nikilia kama mtoto, hakunihubiria. Brian alikuwa akiuza vifaa vya michezo ya theluji kwenye mall moja. Ndiyo, Riyadh kuna theluji. Ni ya mashine, ndani ya ukumbi wenye mteremko, huku nje jua linachoma lami.

Wiki tatu baadaye bosi akaamua kununua snowboard, ule ubao mtu anaofunga miguu yote miwili na kuteleza nao. Zamani aliteleza ng'ambo kwa mbao za kukodi, akichaguliwa na wenye kukodisha. Sasa alitaka wake, lakini dukani hakutaka kwenda, kwa sababu mara ya mwisho huko ng'ambo walimpandisha kwenye mizani mbele za watu. Akaniandikia karatasi: kimo, uzito, namba ya kiatu. "Mpe muuzaji mkononi. Usiisome kwa sauti, hayawani wewe."

Nilifika dukani, Brian akafurahi kuniona. Aliposikia ni wa bosi akaenda moja kwa moja kuchukua ubao mrefu, mpana.

"Hii kitu si kimo tu, kaka, ni uzito," akaniambia. "Mtu mzito ukimpa ubao mfupi, laini, unapinda chini yake hawezi kuutawala. Na mwenye mguu mkubwa anahitaji upana, la sivyo vidole vinatokeza pembeni vinakwama kwenye theluji. Anarushwa kama gunia. Sasa, ana kilo ngapi?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaiacha humo.

"Tisini na tano."

"Una hakika? Nilimwona siku moja, ni mzito yule."

"Amepungua, ana sukari."

"Na kiatu?"

"Kama changu tu."

Brian akaurudisha ule ubao mpana ukutani, akanichagulia mwembamba. Alinifungia vizuri, akaniuliza kama siku hizi nalala. Nilipofika kwenye gari niliichana ile karatasi.

Siku ya kuujaribu, bosi alialika marafiki zake walewale. Mimi nilisimama nyuma ya kioo nimeshika koti lake. Kona ya kwanza alipita. Ya pili vidole vikakwama, ubao ukapinda, akarushwa na kuanguka na uzito wake wote juu ya mguu mmoja. Nilimsikia akilia kupitia kioo. Nitawaambia ukweli: nilitabasamu. Nilijisemea, hiyo ni ya mama.

Alipotoka hospitali na vyuma mguuni, aliniambia nimsukume kwenye kiti cha magurudumu hadi dukani. Mbele ya meneja akaniuliza, "Ulimpa karatasi?"

Brian akanitazama. "Karatasi gani? Kaka, waambie. Si nilikuuliza uzito mara mbili?"

Ningeweza kusema wakati ule. Wote walinigeukia, nikasema, "Nilimpa mkononi."

 Brian alivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka kaunta, na macho yake hayakuniacha. Ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, ikafutwa, na muda si mrefu akarudishwa Kenya.

Sasa tuko Jeddah, bosi anauguza mguu. Ni mimi tu ninayeweza kumwinua, kwa hiyo namwogesha na kumpeleka chooni. Anaponishika shingo ananiita ndugu yangu. Ameniahidi likizo ya mwezi mzima nikaone kaburi la mama. Nami nikimgeuza kitandani, wakati mwingine namgeuza kwa nguvu kuliko inavyohitajika, nisikie akiguna. Sijui nimekuwa mtu gani.

Jana Brian alinitumia ujumbe wa sauti. Nilidhani atanilaani. Akasema, "Kaka, nimefikiria sana. Labda ile karatasi ilikudondoka, ukaogopa kusema. Nimekusamehe. Nimepata kazi Qatar, ila wamepiga simu duka la zamani wakaambiwa nilimvunja mteja mguu kwa uzembe. Mwombe bosi wako aandike mistari miwili tu, kwamba halikuwa kosa langu. Wewe anakusikiliza."

Bosi hataandika bila kujua kosa lilikuwa la nani. Nikimwambia, pasipoti yangu anayo yeye, na hapa mimi si kitu. Nikinyamaza, mtu pekee aliyelia nami msiba wa mama atakaa nyumbani akiniita kaka.

Qatar wanataka jibu Jumapili. Bosi ananiita sasa hivi nikamwinue. Nikifika pale kitandani nimwambie nini? Nisaidieni mawazo, mimi yangu yameisha.