Nilivyomwandalia Bi Zuwena pickup ya marehemu mumewe kwa baridi ya jangwani, Dubai

Wakuu, salaam kwenu wote, wa bara na wa visiwani, na nyie mnaosoma kimyakimya bila ku-login.

Haya yamenikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha kwa heshima ya familia, mengine yote ni vile yalivyokuwa. Anayetaka kuniambia hii ni chai namkaribisha, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Miaka ya 2010 hapo katikati nilikuwa Dubai, dereva wa nyumbani kwa familia moja Al Twar. Mimi ni mtu wa Njombe. Baridi naijua toka tumboni mwa mama, na hilo ndilo lililomfurahisha bosi wangu siku ya kwanza.

Bosi tumwite Mzee Nassor. Yeye na mkewe, Bi Zuwena, ni Waarabu waliozaliwa Unguja. Walitoka kule bado vijana, na Kiswahili chao hakikushika kutu hata kidogo.

Siku naripoti nilimwita yule mama "madam" kama nilivyofundishwa na agent. Akanitazama juu mpaka chini.

"Madamu nani hapa? Mie Bi Zuwena. Na weye Lameck, ushakula?"

Hapo nikajua nimefika kwa watu.

Sasa Mzee Nassor alikuwa mtu wa kimya. Sio kiburi, hapana. Ni kimya tu. Salamu, chakula, taarifa ya habari, kulala. Unaweza kumwendesha kutoka Al Twar mpaka Deira na kurudi asikwambie zaidi ya "shika kulia".

Lakini ikifika mwezi wa kumi na moja, joto likianza kuvunjika, mzee anabadilika. Anatoka uani asubuhi, anaizunguka pickup yake, anaipigapiga tairi kwa mguu. Ilikuwa double cabin nyeupe, ya manual, ya siku nyingi, na ilikuwa haiguswi na mtu bila yeye kuwepo.

Watu wa kule winter ndiyo msimu wao. Familia zinahamia jangwani weekend, wanafunga mahema, wanawasha moto. Mzee na mkewe walikuwa na sehemu yao upande wa barabara ya Hatta, bonde dogo la mchanga lenye miti ya ghaf. Kila Alhamisi mchana tunaondoka, Ijumaa jioni tunarudi.

Mimi nikishafunga hema na kuwasha moto nakaa pembeni kwenye gari, nawaachia nafasi. Na wakuu, kule yule mzee alikuwa anaongea! Maneno siyasikii, nasikia sauti tu, inakwenda, inakwenda, halafu Bi Zuwena anacheka mpaka anakohoa. Nilikuwa najiuliza, huyu ndiye yule wa "shika kulia"?

Winter mbili niliiandaa ile gari pamoja naye. Kabla ya ya tatu, katikati ya joto kali, moyo wake ukasimama. Alifia hospitali, akazikwa siku ileile kabla ya Magharibi.

Bi Zuwena akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani, hatoki. Pickup nayo ilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, juani, kama nayo imefiwa.

Mtoto wao ni mmoja tu, Khalfan, ambaye ndiye alikuwa kafeel wangu, visa yangu iko chini yake. Mtu wa ofisi, mpole, ila hana muda. Kiswahili anasikia, kuongea ni cha kuokoteza. Akaniambia, "Lameck, hiyo pickup nimepata mtu wa kununua. Wewe iache tu, usisumbuke nayo."

Nikasema sawa sir.

Eda ikaisha mwezi wa kumi na moja uleule. Asubuhi yake Bi Zuwena akatoka uani kwa mara ya kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akashika ncha ya turubai akavuta. Vumbi likamwagikia buibui lake lote.

"Lameck. Nitengenezee hii gari kama alivyokuwa akiitengeneza mwenyewe. Nnataka kwenda kule."

Nikamwambia Khalfan ameshaahidi kuiuza.

"Na auze. Simkatazi. Mie nataka mara moja tu, kabla haijakwenda kwa watu."

"Bibi, akiniuliza?"

"Mwambie mama yako kasema."

Wakuu, nisiwafiche, nilikuwa na hofu. Khalfan alikuwa safarini kikazi, na kule kafeel akikukasirikia, khalas, unapanda ndege. Lakini ningemwambiaje yule mama hapana?

Nikafungua mlango. Harufu ya udi wa mzee ikanipokea, mle ndani kwenye joto la miezi yote ile ilikuwa haijatoka. Mzee alikuwa mrefu, kiti chake kimesogezwa nyuma kabisa. Ili nifikie klachi ilibidi nikivute mbele. Nilikaa hapo muda, ndipo nikavuta.

Niwaambie na madereva wenzangu kitu hapa. Watu wanadhani Dubai hakuna kuandaa gari kwa ajili ya baridi. Uongo. Kinachoiua gari winter ya kule ni joto la kiangazi lililotangulia. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Mpira wa waipa ukiushika unavunjika kama biskuti. Tairi kwa macho nzima, ukizikunja kidogo unaona nyufa nyembamba kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

Na winter ina ukungu. Alfajiri unyevu wa baharini unakutana na ubaridi wa jangwa, huoni hata bonneti yako. Magari yanapandana huko barabarani kila mwaka. Kwa hiyo taa za ukungu, za mbele na ya nyuma, ni lazima ziwake. Na ukiwa kwenye ukungu usiendeshe umewasha hazadi, aliye nyuma anadhani umesimama, na hata indiketa yako haionekani.

Nikaivusha kwa betri ya kuazima hadi Satwa, kwa fundi wa mzee, Mpakistani mmoja mwenye ndevu za hina. Alipoiona gari akaniangalia nyuma ya bega, anamtafuta mwenyewe. Nikamwambia. Akafuta mikono na kitambaa, akasema "Inna lillahi," halafu akakaa kwenye tairi.

Baadaye akauliza, "Na heater?"

Hapo kuna habari. Dubai mafundi wengi wanaruka mipira ya hita, wanaiziba kabisa, kwa sababu nani anataka moto Dubai? Mzee kila ikifika winter alikuwa anairudishia, na kila mwaka fundi anamcheka, "Mafi barid, baba! Baridi iko wapi?" Na mzee anajibu neno moja, "Mama." Kumbe Bi Zuwena alikuwa na baridi ya mifupa, magoti yake yalikuwa hayavumilii alfajiri ya jangwa.

Mwaka ule fundi hakucheka. Aliingia chini ya gari mwenyewe, vijana wake wapo, akairudishia ile mipira kwa mkono wake. Betri, tairi na mpira wa waipa tukaweka vipya.

Tukaondoka Ijumaa moja baada ya swala ya alfajiri. Bi Zuwena alikuwa ameoka mkate wa kumimina, na thermos ya kahawa ameipakata. Akakaa mbele, sehemu yake ya siku zote.

Ukungu ulitukamata tulipoacha taa za mji. Nikapunguza mwendo, taa za ukungu zimewaka, waipa inafanya kazi, hita inapuliza magotini kwake taratibu. Yeye ametulia, midomo inacheza na tasbihi. Mara moja tu alisema, "Hapa alikuwa akipenda kuvua kofia yake," nikaitikia.

Jua likapanda, ukungu ukaanza kunyanyuka. Nikakata kona tunayoikata siku zote ili nishuke kwenye mchanga.

Mchanga haukuwepo.

Kulikuwa na uzio wa mabati mrefu, haujulikani unaishia wapi, una picha kubwa za nyumba na familia zinazocheka. Nyuma yake winchi, malori, na kuta za nyumba zinazofanana zimeanza kupanda. Bonde lilikuwa limefukiwa likawa sawa. Ghaf nilihesabu mmoja, umezungushiwa utepe.

Nilidhani nimepotea njia. Nikarudi nyuma, nikaja tena. Palepale.

"Simamisha," akasema Bi Zuwena.

Getini alikuwepo mlinzi, Mganda mmoja mwembamba, Okello. Kiswahili chake cha tabu lakini cha adabu. "Mama, hapa hakuna ruhusa kuingia. Camera iko."

"Sitaki kuingia, mwanangu. Nataka kukaa tu."

Yule kijana akaangalia camera, akamwangalia mama, akaenda kwenye kibanda chake akatoa kiti chake cha plastiki. Akakiweka nje ya uzio, kando ya pickup, upande unaokinga upepo.

Bi Zuwena akakaa. Nikashusha mlango wa nyuma wa gari ukawa meza. Akakata mkate, akamimina kahawa vikombe vitatu. Alipofika cha tatu mkono ukabaki hewani. Akakiangalia kile kikombe. Halafu akamnyooshea Okello.

"Kunywa baba, kuna baridi."

Tukanywa. Malori yanapita, vumbi linatua kwenye mkate.

Ndipo akaniambia, "Unajua Lameck, mie jangwa hili sijalipenda hata siku moja. Mchanga mpaka kwenye meno. Nikija kwa ajili ya Nassor. Nyumbani alikuwa hasemi. Toka tulipoondoka kwetu alinyamaza, sijui aliacha nini kule. Huku ndiko akisema. Basi mie nikija kumsikiliza."

Nikamwongezea kahawa kikombeni.

"Leo nilitaka nikae pale pale, nione kama nitaisikia ile sauti. Sasa wamepajenga nyumba."

Alilia hapo, bila sauti, ushungi umemfunika uso. Okello akageuka akatazama barabara. Na mimi nikatazama tairi.

Alipomaliza akajifuta, akasema, "Haya. Turudi. Khalfan aiuze."

Khalfan aliporudi safari, mama yake alimwambia mwenyewe. Akaniita. Sijawahi kumwona vile. "Mama ana sukari, ana pressure, wewe unampeleka desert kwenye fog? Kama kitu kimempata?" Alikuwa na haki, wakuu. Nikainamisha kichwa nikasubiri niambiwe nikafungashe. Hakuniambia. Alikaa kwenye ngazi, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi siwezi kuiona hiyo gari hapo kila siku. Ndiyo sababu nauza. Si kitu kingine."

Mnunuzi akaja, akaondoka nayo. Bi Zuwena hakutoka ndani.

Kabla mwaka haujageuka, akafuata na yeye. Figo. Aliugua muda mfupi, akatushukuru wote wa nyumbani mmoja mmoja, akaenda.

Matanga yalipokwisha, baridi ilikuwa imerudi tena. Asubuhi moja Khalfan akaja kwangu, hajavaa za ofisi.

"Lameck, ile sehemu baba na mama walikuwa wanaenda. Unaijua?"

"Naijua sir."

"Nipeleke."

Nikajua mama hakumwambia kuhusu ule uzio. Safari nzima natafuta maneno, siyapati. Nikamfikisha, nikasimamisha gari, nikasema, "Ni hapa sir."

Mtaa ulikuwa umeshahamiwa. Nyumba za rangi ya mchanga, baiskeli za watoto, mtu anamwagilia maua. Khalfan akashuka, akasimama katikati ya barabara na suruali yake ya jeans, anageuka huku na huku.

"Wapi hasa?"

Nikamwonyesha kwa kukisia. Ilikuwa kama gereji ya mtu.

Akaisogelea, akasimama mbele ya mlango wake wa shata. "Kila mwaka walikuwa wananiita. Lameck, walikuwa wanafanya nini huku?"

"Mzee alikuwa anaongea, sir."

Akanigeukia. "Baba? Baba alikuwa anaongea?"

"Sana. Na mama anacheka."

"Anaongea nini?"

Wakuu, ningekuwa na neno moja tu ningempa. Hata la kutunga nililitafuta, nikaona ni dhambi.

"Sijui sir. Nilikuwa nakaa mbali."

Alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye gari, safari hii akakaa mbele na mimi. Njia nzima mpaka Al Twar hakusema kitu. Siku hiyo ndiyo niliona anavyofanana na baba yake.

Mimi nimesharudi nyumbani, nina familia, nina gari langu bovu la kuhangaika nalo. Nilichojifunza ni hiki: kama una mzazi wa kimya, usidhani hana la kusema. Ana sehemu yake anayosemea. Inaweza kuwa shambani, kibarazani, kwenye gari. Itafute ungali una wa kukupeleka, na ukialikwa, nenda, kazi haijawahi kuisha.

Mwenye mzazi wa namna hiyo hebu atuambie hapa chini, wako anasemea wapi? Nitasoma zote. Na madereva wenye maswali ya tairi na hita nao waulize tu, nitajibu ninachokijua.