Futi Yangu na Uzi wa Kungwi

Katika kushona hakuna kitu cha kunishtua tena. Nimeshamshonea suruali mtu mwenye mguu mmoja mfupi, ikakaa sawa mpaka watu wakasahau anachechemea. Nimeshageuza mapazia ya ukumbi kuwa sare za kina mama kumi na mmoja. Nimeshaletewa kitambaa cha kanzu asubuhi ya Ijumaa, mwenyewe akaingia nayo msikitini adhuhuri ile ile. Shule niliishia darasa la nne. Duka langu hapa Kibiti lina cherehani tatu, na hakuna hata moja niliyonunuliwa na mtu.

Kwa hiyo anayeshona nyumbani akiniuliza anunue nini kwanza, sina haja ya kufikiri. Anunue mkasi mzito, na asimwazime mtu, hata mama yake mzazi. Chaki asinunue. Kipande cha sabuni ya mche kilichoisha kikabaki chembamba, ukikianika kikakauka, kinachora kuliko chaki, na ukifua alama haionekani. Wembe wa kufumulia auvunje katikati atumie nusu. Pini azitafute zenye kichwa, maana zisizo na kichwa utakuja kuziokota kwa goti. Nikifika kwenye futi, ule utepe wa kupimia, huwa natulia kidogo, kwa sababu ya mambo yaliyonikuta Mohoro.

Futi yangu niliinunua nilipoanza kazi, nashona kwenye kibaraza cha watu. Ilikaa shingoni mwangu miaka kumi na tisa. Namba zilianza kufutika lakini nilikuwa nazijua kwa kidole. Mafundi wenzangu wanabadilisha futi kila mara, mimi nikawacheka. Niliwaambia futi ni kama mke, ukimbadilisha ovyo utapoteza vipimo.

Mwaka jana binti wa dada yangu alikuwa ndani. Kwetu msichana akiwekwa mwali haonekani na mwanamume yeyote, hata mjomba wake, mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo anatoka mbele ya watu na nguo mpya, na kila jicho linampima toka kichwani mpaka unyayoni. Nguo hiyo niliiomba mwenyewe. Nilimwambia dada yangu, ambaye ameolewa Mohoro, kwamba akitafuta fundi mwingine tutakosana.

Kazi ikawa kupata vipimo. Kungwi, yule mama mtu mzima aliyekuwa akimfunda mwali, alitaka kunitumia uzi wenye mafundo kama walivyofanya zamani. Fundo hili kifua, hili kiuno, hili nyonga, na uzi mzima ndio urefu. Nilicheka kwenye simu. Nikasema bibi huyo aambiwe kwamba nguo si mgono wa kunasia samaki. Dada yangu naye hushona nyumbani kwa cherehani ya mkono, foronya na sare za shule za wanawe, na futi anayo. Nikamwagiza ampime binti yake kwa futi hiyo, anitumie namba kwa ujumbe. Namba zikaja. Nikakata.

Lilikuwa gauni la lesi ya rangi ya samli, limebana juu, linaachia kuanzia kiunoni, na chini lesi yenyewe imejifanyia pindo la maua. Nililitundika dukani siku mbili ili wapita njia waone.

Nilifika Mohoro asubuhi ya siku yenyewe. Gari mpaka Nyamwage, kisha pikipiki, gauni nimelipakata kama mtoto mchanga. Nikampa dada, nikakaa barazani kungoja sifa. Badala ya sifa, akatoka kungwi na gauni begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Hili umemshonea mwanetu, au umenishonea miye?"

Alilitandaza mkekani. Kumbe uzi wake alikuwa ameufunga mafundo hata baada ya kukataliwa, akaufungua kwenye pindo la khanga na kuulaza juu ya gauni. Gauni lilizidi uzi kila mahali. Kwa urefu lilizidi vidole vinne. Akanieleza taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba mabega yanadondoka, na kwamba mwali akipiga hatua atakanyaga nguo yake aanguke. Mwali akianguka siku ya kutoka, watu watalisema mpaka atakapokuwa na wajukuu.

Nilisema kosa ni la futi ya dada. Dada akaifuata, akaja nayo amekunja uso. Tukazilaza zote mbili mkekani, zimeanza mahali pamoja. Inchi ya sitini ya futi yangu iliipita sitini yake kwa vidole vinne. Nikasema yake imesinyaa kwa jua.

"Kaka," alisema dada, "yangu inakaa ndani ya kopo. Yako ndiyo inayotembezwa shingoni kama cheni ya dhahabu."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka mpaka ungo ukatikisika. Kungwi akasema mashahidi wawili wakigombana hutafutwa wa tatu. Mara pazia la chumba cha ndani likasogea kidogo, ukatoka mkono wenye hina umeshika rula ya shule, ile yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Mwali hasemi na hakusema. Mkono ulibaki pale pale mpaka mama yake alipoipokea rula.

Inchi kumi na mbili za rula zilikuwa kumi na mbili kwenye futi ya dada. Kwenye yangu hazikufika kumi na moja na nusu.

Hapo nilishtuka, sifichi. Futi yangu ilikuwa imevutika mwaka hadi mwaka, na hakuna nguo iliyoharibika kwa sababu mwili na kitambaa vyote nilivipima kwa futi hiyo hiyo. Uongo wake ulikuwa sawa pande zote. Ilingoja namba ya mtu mwingine ndipo inifedheheshe. Na wale wauza vitambaa wa Kibiti ambao nimewaita wezi miaka nenda rudi, kwamba mita zao tatu hazitimii, hawakuwahi kunipunja hata shubiri.

Lakini fundi ni fundi. Niliomba cherehani ya mkono na wembe, futi zote mbili nikaziweka kando. Pindo sikuligusa, maana ningekata maua ya lesi. Nilifumua kiuno nikalipandisha gauni kutokea hapo, nikapunguza mbavuni, nikavunja mabega nikayajenga upya. Kungwi aliketi mbele yangu ameshika uzi, ananiitia fundo kwa fundo, na mimi nafuata. Dada alizungusha gurudumu la cherehani. Adhana ya alasiri ilinikuta nakata uzi wa mwisho kwa meno.

Mwali alitoka. Nilisimama upande wa wanaume nikamtazama anavyotembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake, na maua ya lesi yalipita juu ya mchanga bila kuugusa. Vigelegele vilipotulia, kungwi aliniita katikati. Kwa makungwi, anayeudharau uzi wao hulipa, na hulipa watu wakiona.

"Nguo hii imepimwa na nini?"

"Uzi wako, bibi."

"Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia kwa sauti ya kutosha kuvuka mto. Nikamfunga begani khanga niliyokwenda kuinunua dukani wakati mwali anavishwa, na pale pale dukani nilikuwa nimechukua na futi mpya. Khanga doti moja elfu kumi na mbili, futi elfu moja na mia tano. Kicheko kile cha kwenye simu kilinigharimu shilingi elfu kumi na tatu na mia tano.