Mtani Aliyevaa Koti la Baba

Baba yangu alikuwa mwimbaji Tunduma kabla sijazaliwa. Aliimba kumbini, akaigiza vichekesho minadani, na koo lilipougua sauti ikamwisha kabisa, akageukia kuigiza bila maneno. Alisimama kando ya foleni ya malori mpakani, akimwiga ofisa anayetafuta muhuri huku ameushika mkononi. Dereva wa Zambia alicheka, wa Dar alicheka, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Watu walimsifu kwa kupata kazi mpya. Mimi niliona baba amenyang'anywa kitu, nikawachukia wote waliocheka.

Alipofariki mwaka jana tulimrudisha kwao Ileje. Mama alikaa mkekani macho makavu, hali, hasemi, hata sisi wanawe hakutujibu. Nikaingiwa na hofu kwamba tunamzika mmoja na kumpoteza wa pili.

Ndipo akaja binamu ya baba, mwanamke mwenye mdomo mkali, mtani wake tangu utoto. Kwetu mtani ana haki ya kumwiga marehemu mbele ya waombolezaji, na si adabu kumzuia. Mimi nilijaribu.

"Shangazi, naomba leo utuache. Mama hana hali."

"We mtoto, kaa pembeni. Maiti huyu ni wangu," akanijibu, akavaa koti la baba.

Alianza na uimbaji. Akapandisha sauti kama baba enzi zake, akaiharibu makusudi, watu wakaangua kicheko. Mama hakuinua kichwa. Shangazi akamwiga baba akijipitisha mbele ya wasichana, mabega juu, kicheko kikazidi, lakini mama wapi! Hasira zikanipanda. Nikainuka nikamvue lile koti mbele ya watu wote.

Kabla sijamfikia, shangazi alinyamaza mwenyewe. Akaketi mbele ya mama, akashika koo, akafungua mdomo na sauti isitoke. Kisha akagonga sakafu kwa vidole viwili, akainua kikombe kisichokuwepo na kukipuliza. Hivyo ndivyo baba alivyoomba chai kila asubuhi, tangu siku alipokosa sauti ya kuiomba.

"Subiri, mzee," mama akasema. "Maji hayajachemka."

Mama akamtazama aliyekuwa mbele yake, akaikamata mikono ya koti kwa nguvu, ndipo akalia.