Mstari wa Kwanza Mbele ya Wakulima wa Sironga

Aibu hii nimeibeba vya kutosha, wacha niitue hapa, nanyi mcheke mpaka mchoke. Mimi ndiye fundi wa seva katika kampuni moja ya chai huku Nyamira, na najisikia, sikatai (mama huniita Injinia hata mbele ya mchungaji), kwa hiyo asubuhi ile mizani ya kituo cha Sironga ilipogoma kutuma uzito ofisini, na lori haliondoki kabla uzito haujaingia, na majani yanapata joto ndani ya magunia, sikungoja kuitwa, nilipanda boda na laptopu mgongoni nikaenda kuwaonyesha.

Wakulima walikuwa wamemzingira Kerubo, karani wa mizani, na meneja wetu amekunja uso kando yake. Nikafungua laptopu pale mezani, nikaingia kwenye seva, nikapiga vmstat, amri inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, ukatoka mstari mmoja nikausoma kwa sauti ya mhubiri: prosesa imepumzika asilimia tisini na sita.

"Seva haina neno," nikasema. "Shida ni karani, hajui mashine yake."

Meneja akamwambia Kerubo aache mizani, aje ofisini kuchukua barua ya onyo.

Hapo mama, aliyekuwa kwenye foleni na gunia lake (na alikuwa ameshawaambia watu watatu kwamba fundi huyo ni wake), akauliza, "Baba, hizo namba ni za leo?"

"Ni za seva, mama."

"Nauliza kama ni za leo. Kerubo hapokei majani kwa kuangalia ya juu. Anaingiza mkono mpaka chini ya gunia."

Watu wakacheka, mimi jasho likanitoka, kwa sababu mstari wa kwanza wa vmstat ni wastani wa tangu seva iwashwe, na yetu ilikuwa na miezi haijazimwa. Nilikuwa nimewasomea habari za msimu uliopita. Nikaiacha amri iendelee, na mstari wa pili na wa tatu ikasema mengine: kazi zimepanga foleni zikingoja diski, na iliyoishika diski ni kazi ya kunakili data ya akiba, niliyoiwasha mwenyewe saa mbili asubuhi, kikombe mkononi.

Hakuna mwingine pale aliyeweza kuzisoma namba zile. Ningenyamaza, nani angejua? Lakini Kerubo alikuwa anavua aproni yake. Nikasema, kwa sauti ile ile ya mhubiri, "Kosa ni langu. Kerubo hana kosa." Nikaisimamisha ile kazi, uzito ukaanza kuingia, na barua nikaandikiwa mimi.

Tangu siku hiyo mstari wa kwanza naufunika kwa kidole, na sinakili kitu mchana. Nikimsalimia Kerubo huniuliza kama salamu hizo ni za leo. Mama naye, Sabato iliyofuata kanisani, hakunitambulisha tena kama Injinia. Alisema, "Huyu ni mwanangu, yule aliyesema ni yeye," na mimi, barua mfukoni, nikanyoosha shingo.