Kashe Mbili za Siku ya Posho

Msinielezee mimi habari za sheria. Mimi Zaina binti Sefu nimeuza chumvi na mafuta ya mawese katika soko la Kamina miaka ishirini na saba, na sheria nimeziona zikiingia na kutoka kama treni: zinapiga kelele, zinatimua vumbi, na wanaobaki kituoni ni walewale. Lakini leo sitaki kugomba. Nataka kuwasimulia Mwadi, jirani yangu wa meza, kwa sababu mtoto mmoja juzi aliweka sabuni zake pale Mwadi alipokuwa akipanga samaki, nikamwuliza kama anajua hapo palikuwa pa nani, akaniambia, "Pa nani tena, mama? Ni meza tu." Meza tu! Nilikaribia kumpiga na kipimo cha chumvi.

Mwadi alikuwa Muluba wa Mulongo, kule mtoni, mwanamke mrefu, mkimya, wa kucheka kwa puani. Mume wake, Mwalimu Philémon, alikufa mapema, akamwachia nyumba ndogo ya matofali na watoto wawili mapasa, yaani mapacha, wasichana, Kyungu na Kabange. Wasichana wakakua, wakaolewa hukohuko Mulongo, na kila juma walimtumia mama yao vikapu vya samaki wa moshi, kwa mtumbwi mpaka Bukama, kisha kwa treni mpaka kwetu.

Sasa sikieni. Kwa Baluba, mama wa mapasa anaitwa Inamapasa, na hilo si jina la mchezo. Ana ruhusa ya kuimba neno lolote mbele ya mtu yeyote, hata aibu za mkubwa, na anayeimbwa hakasiriki. Anacheza, basi. Kumkasirikia mama wa mapasa ni kujitafutia mkosi. Lakini Mwadi hakuitumia ruhusa hiyo. Miaka yote tuliyokaa meza kwa meza sikumsikia akiimba isipokuwa nyimbo za kanisani kwao, tena kwa sauti ya chini.

Na mimi? Baba yangu alikuja Kamina na biashara kutoka Maniema. Niliolewa mke wa pili na Yakubu, mbele ya shehe na mashahidi, bila karatasi hata moja ya Serikali. Mwaka wa sabini na mbili Yakubu alikwenda Kasongo kununua mchele. Mchele huo anaununua mpaka leo.

Basi mwaka wa themanini na tatu ikaja sheria ya kashe. Wakati ule wa Zaïre, kila siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi watu wote walishika jembe na ufagio kwa salongo, kazi ya bure ya taifa. Karani wa zone, yaani wilaya, sitwayen Kitwa, akaipanga upya. Kanisani walimwita Ézéchiel, lakini ofisini majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, na kila mtu alikuwa sitwayen, raia. Alipanga hivi: kila nyumba itoe mtu mzima mmoja asafishe njia ya kartie yake, yaani mtaa wake, saa moja mpaka saa nne. Na kila mwenye meza sokoni atoe mtu mzima mmoja asafishe soko, saa moja mpaka saa nne. Kila kazi na muhuri wake, ndiyo kashe, kwenye karte, kadi ya mwenye meza. Ukikosa kashe mara tatu, meza yako anapewa mwingine.

Kitwa hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Nyumbani kwake, yeye alikwenda na jembe njiani, bibi yake akaenda na ufagio sokoni. Akapima Kamina nzima kwa nyumba yake. Mama Bolingo, bibi ya soda, yaani mke wa askari, aliyeuza nguo karibu na sisi, hakuhangaika: kambi yao ya baze, ya jeshi, ilikuwa na salongo yake, na karte yake ilirudi na kashe zote. Mabibi za wafanyabiashara wakubwa walituma watumishi. Kamba hukatikia pabovu. Tuliobaki ni Mwadi na mimi, na wengine kama sisi, nyumba za mtu mzima mmoja.

Tulikwenda ofisini wawili. Mwadi ndiye aliyesema.

"Sitwayen, kwangu hakuna mwanaume. Saa moja ya posho niende wapi, mu njia ao mu soko?"

"Mama, tuma mutu moya fasi ingine."

"Mutu gani?"

Kitwa akatazama karatasi zake kana kwamba mtu huyo amejificha humo. "Sheria iko moya kwa bantu bote, mama. Haichague mwanamuke, haichague mwanaume."

"Njo ubaya wake," Mwadi akasema, akachukua kikapu chake.

Siku ya posho ya kwanza tulisafisha soko, tukakosa kashe ya njia. Ya pili tulisafisha njia, tukakosa ya soko. Ya tatu tungekosa yoyote, meza zingekwenda. Mwadi alianza kupanga samaki wake polepole, anawageuza, anawapapasa, kama mtu anayeaga. Mimi nilikuwa nikitukana kutwa. Yeye hakutukana. Siku moja aliniuliza tu, "Zaina, bila meza hii, wale batoto banitumie samaki ya nini?" Nikaanza kupima chumvi ambayo hakuna mteja aliyeiomba.

Siku ya posho ya tatu, mkubwa mmoja akatoka Lubumbashi kutembelea soko letu. Mnajua ilivyokuwa: mkubwa akija, wamama wanapewa vitambaa vya Chama, wanacheza na kuimba, hiyo iliitwa animation. Kwa sheria hatukuulizwa, lakini kwa kucheza tulikumbukwa mara moja! Wacheza ngoma wangepata kashe ya soko. Ya njia, hapana, hiyo njia ilikuwa palepale ikitungoja. Kwa hiyo jioni ya siku ile tungekuwa tumekwisha kufukuzwa, tena baada ya kumchezea mkubwa.

Kitwa mwenyewe ndiye aliyepanga mistari. Akamwona Mwadi ni mrefu, anapendeza, akamweka mstari wa mbele katikati. Kitwa, Muluba kwa baba na mama, alimpanga kwa urefu wake akasahau kwamba ni Inamapasa. Hilo ndilo kosa lake, na Mungu ambariki kwa kosa lile.

Mama Bolingo alianzisha nyimbo za Chama kwa Kilingala, tukaitikia, tukatikisa viuno, mkubwa akapiga makofi kidogo kwa heshima. Wimbo wa tatu ulipokwisha, Mwadi akapiga hatua mbili mbele. Nilimshika kitambaa. Akakitoa mkononi mwangu bila haraka. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kifuani mwake, sauti ya nyimbo za mapasa, lakini maneno akayaweka ya Kiswahili ili mgeni aelewe:

"Minyi nilizala bawili, eee mapasa!
Kitwa anataka minyi moya niwe bawili!
Mukono ufagie soko, mukono ulime njia,
Kitwa, kamata panga, unikate katikati!"

Baluba wote uwanjani wakaitikia, "Eee mapasa!" Hakuna aliyewaamrisha. Wimbo huo ukianza, mdomo wa Muluba unafunguka wenyewe.

"Kitwa, nani anakufuliaka kaputula, eee mapasa!
Posho ile bibi yako iko mu soko?
Avue basi tuone, kama Kitwa iko bawili!"

Mawee! Soko lilipasuka. Wamama walilia kwa kucheka. Shefu wa kartie yetu, mzee Kabamba, akawaita masoda wamwondoe yule mwanamke. Masoda walikuwa wa mbali, hawakujua kitu. Mama Bolingo akawakaripia kwa Kilingala, wakasimama. Na watu wote wakamgeukia Kitwa, maana aliyeimbwa ni yeye, na desturi ilikuwa inamngoja.

Maskini, alikuwa amevaa abacost yake nzuri, ile suti ya wakubwa wa wakati ule. Jasho lilimtiririka. Akamtazama mkubwa, akamtazama Mwadi, akafungua kifungo cha juu, akacheza. Hatua tatu, nne, vibaya sana. Tukampigia vigelegele kama bwana harusi.

Mkubwa aliuliza maana yake. Kitwa, bado anahema, akamweleza yote, hakuficha. Mkubwa akacheka, akasema, "Wajane wapumzike, basi," akaenda kula. Kashe za siku ile hakuna aliyeziuliza.

Juma lililofuata Kitwa akasoma karatasi mbele ya meza zetu: mjane mwenye meza amesamehewa kashe zote mbili, alete cheti cha kifo cha mumewe. Mwadi akaleta cha Mwalimu Philémon, kimeanza kuliwa na panya pembeni. Akaandikiwa kwenye karte: MJANE, ASAMEHEWE.

Mimi nikafuata nyuma yake na furaha yangu.

"Mama Zaina, cheti yako iko wapi?"

"Yakubu hajakufa. Amepotea."

"Basi cheti ya ndoa, tuandike amepotea."

"Nilifunga mbele ya shehe."

Kitwa akaweka kalamu chini. Niliona aibu yake, wallahi, haikuwa ya uongo. "Mama, mu karatasi hauko bibi ya mutu, na hauko mujane. Nikuandike nini?"

Nilimjibu maneno ambayo siyarudii. Usiku na mchana nilimchukia kila mtu, na Mwadi pia nilimchukia, niseme ukweli, kwa sababu yeye alikuwa na maiti mwenye karatasi.

Siku ya posho nikaenda sokoni na ufagio nikijua kashe ya njia ndiyo ya tatu. Kumbe Mwadi, aliyeruhusiwa kulala mpaka jua lichome, alikuwa amesimama mbele ya nyumba yangu tangu saa moja, na jembe. Shefu Kabamba akafika na kitabu chake.

"Mama Mwadi, weye umesamehewa."

"Kwangu, ndiyo. Hapa ni kwa Zaina."

"Weye ni nani mu nyumba hii? Kitabu kinataka kichwa ya nyumba."

"Andika minyi."

"Kichwa ya nyumba ni bwana, mama!"

"Basi andika bwana yake ni minyi. Ao niimbe?"

Akaandika. Alikuwa ameona kaputula ya Kitwa ilivyoimbwa, hakutaka ya kwake. Na tangu siku ile, miaka sita, kila siku ya posho Mwadi alilima mtaro wa mbele ya nyumba yangu. Nilimwambia apumzike, alicheka kwa puani. "Kidole kimoya hakivunje chawa," alisema, halafu ananitania, "Mukewangu, umepika nini?"

Alikufa mwaka wa themanini na tisa, kwa homa ya siku nne. Kyungu na Kabange walifika, tukamzika, wakarudi Mulongo. Siku ya posho iliyofuata njia ya mbele ya nyumba yangu haikulimwa na mtu.

Jumatatu Kitwa akaniita ofisini. Alikuwa na mvi sasa. Nilikwenda nimechoka hata kugomba, nikaiweka karte yangu mezani ili aichukue tu. Mbele yake kilikuwa kitabu cha kartie, kimefunguliwa.

"Mama Zaina, hapa imeandikwa kichwa ya nyumba yako ni Mwadi."

"Njo yeye."

"Cheti yake ya kifo iko na nani?"

Kabange alikuwa ameniachia. Nilikitoa ndani ya kitambaa. Kitwa akakisoma mpaka mwisho, akavuta karte yangu, akaandika polepole: MJANE, ASAMEHEWE. Akapiga kashe. Kisha akainuka kutoka kwenye kiti chake, akanishika mikono miwili.

"Pole na kilio, mama."

Yakubu sikumlilia hata siku moja. Nilirudi nyumbani, nikavaa nguo nyeupe, nikakaa eda ya Mwadi miezi minne na siku kumi. Mashehe wakisikia watanigombeza. Waje, nipo sokoni, meza ya pili kutoka mlangoni.